TUNAAMBIWA TUFUNDISHE: NANI ALITUFUNDISHA KUFUNDISHA?

Ndugu wafanya kazi,

Mwezi uliopita waraka ulitoka kwa wakubwa wa chuo chetu ukabandikwa mlangoni pa maktaba. Waraka huo wasema mambo matatu. Kwanza, tangu muhula ujao kila mkutubi atafundisha wanafunzi jinsi ya kutafuta habari na kuzipima, na kila idara ya chuo itapata saa yake. Pili, kazi hiyo itafanywa pamoja na kazi zote za zamani, yaani meza ya kuazimia vitabu, zamu ya usiku, kuorodhesha vitabu vipya na hesabu ya mwisho wa mwaka. Tatu, mwisho wa kila somo wanafunzi watajaza fomu ya kumpa mkutubi alama, na fomu hizo zitatiwa katika faili lake.

Jambo la nne halikuandikwa, nalo ndilo kubwa. Hapana mahali po pote katika waraka ule panaposema ya kwamba mkutubi atafundishwa kufundisha.

Memba wengi wametuuliza: Je, chama chasema nini? Wengine wametaka tukatae kabisa kuingia darasani. Wengine wamesema tunyamaze, maana mwenye kazi siku hizi ni mwenye bahati. Halmashauri ya tawi imekaa, imeshauriana, na haya ndiyo majibu yetu. Twataka kufundisha. Hatutaki kudanganya watu. Na kumsimamisha mtu mbele ya mamia ya wanafunzi bila kumpa ujuzi wa ualimu, halafu kumpa alama kama mwalimu, ni kudanganya watu watatu kwa mara moja: mkutubi, mwanafunzi, na mzazi aliyelipa ada.

KAZI HII YAMHUSU KILA MFANYA KAZI

Ndugu zetu wapishi, madereva, walinzi na wafagiaji watauliza: Haya ya maktaba yatuhusu nini? Yanawahusu sana. Wengi wenu mna watoto katika vyuo, hapa au penginepo. Mmeuza ng'ombe, mmekopa katika chama cha akiba, mmefanya ovataimu, ili kijana afike hapo alipo. Wengi wa vijana hao wametoka katika shule ambazo vitabu hufungiwa kabatini, na ufunguo hukaa mfukoni mwa mwalimu mkuu. Kwa miaka mingi kazi ya kijana ilikuwa kukariri kitabu kimoja cha kila somo na kukitapika siku ya mtihani. Leo anaambiwa na mhadhiri: Andika karatasi kumi, utaje marejeo yako. Marejeo hayo atayapata wapi? Hapana mtu aliyemwonyesha.

Tuchukue mfano mmoja. Mwanafunzi wa ukulima ataka kuandika juu ya sumu ya aflatoksini katika mahindi. Aandika neno moja katika intaneti, apata kurasa nyingi kuliko atakazoweza kusoma maisha yake yote. Ukurasa wa kwanza ni wa mtu anayeuza dawa ya nafaka. Wa pili umenakiliwa kutoka wa tatu. Wa nne hauna jina la mwandishi wala mwaka. Mkutubi ajuaye kazi yake humwuliza kijana: Wataka habari za mahindi ya wapi, na ya mwaka gani? Ndipo kijana akumbuka ya kwamba 2004 watu wengi walikufa huko Makueni na Kitui kwa kula mahindi yaliyooza. Watafuta pamoja, wafikia ripoti ya wale waliochunguza msiba ule, isemayo ya kwamba mpaka tarehe 20 Julai mwaka huo wagonjwa waliojulikana walikuwa 317, na waliokufa 125. Lakini mkutubi haachi hapo. Auliza tena: Nani alihesabu? Alihesabu vipi? Aliyekufa nyumbani bila kufika hospitali yumo katika hesabu hiyo? Na baada ya tarehe 20 Julai je?

Ndugu zetu, maswali hayo ndiyo elimu yenyewe. Kijana aliyezoea kuuliza "Nani alihesabu?" hatadanganywa na muuza mbolea, wala na mtafuta kura, wala na mwajiri aletaye hesabu zake katika meza ya mapatano akisema kampuni haina faida. Chama cha wafanya kazi kinahitaji watu wa namna hiyo kuliko kinavyohitaji bendera.

Na sasa imekuja akili mnemba, mashine ijibuyo kila swali kwa lugha tamu. Mashine za namna hii zimeenea kwa watu wote tangu mwisho wa 2022. Zikikosa kitabu cha kutaja, mara nyingine huzua kimoja, pamoja na jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Huko New York, 2023, mawakili wawili walipeleka mahakamani kesi za zamani walizopewa na mashine hiyo. Kumbe kesi hizo hazikuwako duniani. Jaji akawatoza wao na kampuni yao faini ya dola 5,000. Ikiwa wakili mwenye miaka mingi ya kazi ameanguka katika shimo hilo, kijana wa miaka kumi na minane atavuka vipi bila mtu wa kumshika mkono?

Basi mtu asituambie ya kwamba kazi hii ni ndogo, au ya kwamba intaneti imemwondoa mkutubi. Soko likiwa na wachuuzi wengi wa uwongo, mpima mizani huhitajiwa zaidi.

SAA MOJA YA KUPITISHA

Sasa tuseme ukweli juu ya somo lenyewe lilivyo leo. Ni wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya. Mkutubi huitwa ukumbini baada ya bwana wa mabweni na kabla ya bwana wa ada. Wanafunzi wamejaa mpaka madirishani. Kipaza sauti chakoroma. Mkutubi husoma maneno yaliyoandikwa ukutani kwa projekta: maktaba hufunguliwa saa fulani, vitabu huazimwa kwa siku kadhaa, faini ni kiasi hiki, msile chakula ndani. Katika dakika kumi za mwisho huonyesha haraka haraka jinsi ya kufungua majarida ya intaneti. Wa nyuma hawaoni. Wa mbele wanasinzia. Kisha watu hupiga makofi, na katika ripoti ya mwaka huandikwa: wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wamefundishwa.

Wamefundishwa nini? Miaka miwili baadaye mwanafunzi yule yule huja mezani usiku wa mwisho kabla ya kupeleka kazi yake, jasho likimtoka, akauliza: Majarida yako wapi? Hatumlaumu. Siku ile ukumbini hakuwa na swali lo lote la kutafutia jibu. Mtu haonyeshwi kisima siku ambayo hana kiu.

Wakutubi wa Marekani hulipa somo la namna hii jina la risasi moja. Risasi moja ikikosa, imekosa. Nao kwa miaka mingi wamebishana wao kwa wao juu ya ubaya wake. Majarida hayo ya intaneti, ndugu zetu, si ya bure. Tangu 2003 maktaba za vyuo vya Kenya zimeungana ili kuyalipia kwa pamoja, kwa kuwa chuo kimoja peke yake hakiwezi. Hiyo ni akili ya umoja, nasi twaisifu. Lakini kuna faida gani kununua ng'ombe wa maziwa kisha kukataa kumfunza mtu kukamua?

Nasi wenyewe tuna makosa, na gazeti la chama lisilosema makosa ya memba wake si gazeti. Memba mmoja wetu alitueleza habari ya somo lake la kwanza. Mhadhiri alikuwa amesafiri, akapeleka neno asubuhi ile ile ya kwamba darasa lake liende maktaba. Dada huyu hakuambiwa wanafunzi wanaandika nini. Akafundisha saa nzima namna ya kutafuta kitabu kwa jina lake katika katalogi. Mwisho kijana mmoja akainua mkono, akauliza kwa heshima: "Mwalimu, na nisipolijua jina la kitabu, nitafanyaje?" Dada yetu asema hakulala usiku ule. Saa nzima alikuwa amejibu swali ambalo hapana mtu aliyeliuliza.

Huyo si mvivu. Huorodhesha vitabu kuliko sisi wote. Lakini kujua jambo ni kazi moja, na kumfunza mtu jambo hilo ni kazi nyingine. Wengi wetu tulisomea ukutubi miaka mitatu minne, na hatukupata hata muhula mmoja wa kujifunza jinsi ya kusimama mbele ya darasa, kupanga somo, kuuliza swali, na kujua kama mwanafunzi ameelewa. Sasa twaambiwa tujifunze unyozi kwa vichwa vya wanafunzi, na vichwa hivyo vikikatwa, jina letu litiwe katika faili.

WENZETU WALIPITA NJIA HII

Wakubwa watasema ya kwamba tunadai vitu vya ajabu. Si vya ajabu. Mapema katika miaka ya 1960, katika mji wa Detroit, mji wa wafanya kazi wa magari, mkutubi mmoja aitwaye Patricia Knapp alifanya majaribio katika chuo cha Monteith, kilichokuwa sehemu ya Wayne State University. Aliona ya kwamba somo la maktaba lililo peke yake, lisilofungamana na kazi aliyopewa mwanafunzi na mhadhiri, ni kama mbegu juu ya lami. Akataka mkutubi na mhadhiri wakae meza moja wapange kazi pamoja. Kitabu cha majaribio hayo kilitoka 1966, nacho hakikuficha ya kwamba jambo gumu kuliko yote lilikuwa kuwapata wahadhiri wakubali. Wakati huo huo, katika chuo kidogo cha Earlham huko Indiana, mkutubi Evan Farber alilifanya jambo hilo kwa miaka mingi: mkutubi aliingia katika kozi wakati mwanafunzi alipokuwa na kazi ya kuandika, na mhadhiri alikuwapo.

Kwa hiyo ugonjwa huu ulijulikana zaidi ya miaka sitini iliyopita, na dawa yake vile vile.

Tena huko huko waliona ya kwamba mkutubi hazaliwi mwalimu. Mwaka 1999 chama cha maktaba za vyuo cha Marekani kilianzisha mafunzo ya siku kadhaa ambamo wakutubi walikaa pamoja kujifunza ualimu tu: mtu hujifunza vipi, somo hupangwa vipi, mafanikio hupimwa vipi. Mwaka 2000 chama hicho kilitoa orodha ya mambo ambayo mwanafunzi alipaswa kujua. Kisha waliona orodha ile imekuwa kama fomu ya kutia alama tu, wakaifuta 2016, wakashika mwongozo mwingine wenye mawazo makubwa sita. Mojawapo lasema ya kwamba elimu ni mazungumzo yanayoendelea, na mwanafunzi ni mmoja wa wazungumzaji. Jingine lasema ya kwamba habari ina thamani, yaani kuna anayeilipia, kuna anayefaidika, na kuna anayefungiwa nje. Mwaka 2017 wakaandika kazi saba za mkutubi afundishaye, na mojawapo ya hizo saba ni kuwa mwanafunzi maisha yake yote.

Hatusemi tuige kila kitu cha Marekani. Vyuo vyao si vyetu, na mifuko yao si yetu. Twasema hivi tu: watu wenye fedha nyingi kuliko sisi, wenye vitabu vingi kuliko sisi, walikiri ya kwamba mkutubi lazima afundishwe kufundisha. Chuo chetu, chenye vitabu vichache na wanafunzi wengi, chadhani kazi hiyo itajifanya yenyewe?

WAKUBWA WASEMA HAPANA FEDHA

Tumekwisha kuusikia wimbo huu. Twajibu hivi. Ng'ambo ya uwanja wa mpira chuo hiki kina kitivo cha ualimu. Hapo wako watu ambao kazi yao yote ni kufundisha watu kufundisha. Kila mwaka hutoa walimu wa shule za sekondari. Kutoka mlango wao mpaka mlango wa maktaba ni mwendo wa dakika nne. Je, ni fedha gani zinazohitajiwa kwa mwendo wa dakika nne? Fedha za kukodi hoteli kwa semina ya wakubwa zilipatikana. Zetu zikitafutwa kwa bidii ile ile, zitaonekana.

Wakubwa husema tena: Mkutubi si mwalimu, yumo katika orodha ya wafanya kazi wasiofundisha. Vema. Ikiwa hatufundishi, kwa nini waraka watuamuru tufundishe? Na ikiwa twafundisha, kwa nini orodha yasema hatufundishi? Mwajiri hawezi kutuita walimu wakati wa kazi na makarani wakati wa mshahara. Achague moja, na sisi tutamsaidia kuchagua.

Kwa wahadhiri, ndugu zetu wa chama kingine, twasema kwa upole lakini kwa uwazi: Maktaba si yaya. Usitupelekee darasa kwa sababu una safari. Tupelekee darasa kwa sababu lina kazi ya kuandika, tuambie kazi hiyo juma zima mbele, na uje ukae nasi. Mwanafunzi akikuona hupo, hujua ya kwamba jambo hili halina uzito.

Wala wahadhiri wasidhani ya kwamba tabu yetu si yao. Septemba 2016, katika chuo kikuu cha Long Island huko Brooklyn, mapatano yalipokwisha bila mapya kukubaliwa, mwajiri aliwafungia nje walimu wapatao 400, wakutubi wakiwamo, maana wote walikuwa katika chama kimoja. Alikata mishahara na bima ya matibabu, akaleta watu wengine wafundishe mahali pao. Wanafunzi walitoka madarasani kulalamika. Baada ya siku 12 mwajiri alifungua mlango. Wale hawakuulizana nani mhadhiri na nani mkutubi. Walisimama pamoja nje ya lango moja.

KWA MEMBA WANAOSEMA TUKATAE

Sasa twawageukia ndugu zetu wanaosema: Silipwi kufundisha, basi sifundishi. Hasira yenu twaielewa, lakini shauri hilo ni baya. Tukikataa kufundisha, mwajiri atafurahi. Atanunua filamu moja ya dakika ishirini, atawaambia wanafunzi waitazame kwenye simu, kisha atauliza: Wakutubi hawa wote ni wa nini? Kazi ya kulinda rafu ni rahisi kuipunguza. Kazi ya mwalimu mwema ni ngumu kuipunguza, kwa sababu wanafunzi wenyewe wataipigania.

Tena yako mambo ambayo hatuna haja ya kumngojea mwajiri. Twaanza nayo sasa, bila ruhusa ya mtu.

La kwanza ni kutazamana. Kinyozi hajinyoi. Tuwe wawili wawili. Wewe ukifundisha, mimi nitakaa nyuma ya darasa nitazame wanafunzi, wala si wewe. Nitaandika: dakika gani walianza kuangalia simu, swali gani liliwaamsha, nani hakusema neno. Kisha tunywe chai tuzungumze. Kesho nitafundisha mimi, nawe utatazama. Karatasi hizo ni zetu wawili. Haziendi kwa mkubwa ye yote.

La pili ni kupunguza maneno. Katika saa moja fundisha jambo moja. Saa za kufungua, faini na mambo ya chakula yaandikwe katika karatasi, wapewe wakasome. Saa ya darasa iwe ya kutenda. Wape wanafunzi, wawili wawili, maandishi mawili juu ya jambo moja, la kweli na la uwongo, uwaache wabishane lipi ni lipi na kwa sababu gani. Wewe zunguka, sikiliza, uliza. Mkutubi asiyesema sana katika saa yake mara nyingi ndiye aliyefundisha sana. Paulo Freire wa Brazil, ambaye kitabu chake mashuhuri kilitoka kwa Kiingereza 1970, alikataa elimu ya kumfanya mwanafunzi kama benki ya kuwekewa akiba na mwalimu. Sisi watu wa chama twalijua jambo hilo tangu zamani. Mfanya kazi hafahamu haki zake kwa kuhubiriwa, bali kwa kuzungumza na wenzake juu ya kazi yake mwenyewe.

La tatu ni karatasi ya dakika moja. Kabla ya kutoka, kila mwanafunzi aandike mistari miwili bila jina: jambo gani amelifahamu, na jambo gani bado lamsumbua. Usiku ule soma karatasi hizo zote. Hapo utajua ukweli kuliko fomu ya wakubwa itakavyokuambia, maana fomu yauliza kama mkutubi alivaa vizuri na kama alianza kwa wakati, haiulizi kama mtu alijifunza kitu.

La nne ni kuwekeana akiba ya masomo. Aliyepanga somo jema aliache katika jalada la tawi, mwingine alichukue, alitengeneze, alirudishe. Wamarekani walianza ghala la namna hiyo katika chuo cha Eastern Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1970, nalo lilikuwa la kubadilishana tu: leta chako, chukua cha mwenzako. Jalada letu litaanza na masomo manne. Haba na haba hujaza kibaba.

Wala msisahau wasaidizi wa maktaba, wale wa meza ya usiku. Hao hawamo katika waraka, kwa kuwa gredi yao ni ya chini. Lakini saa tatu za usiku, mkutubi mwenye digrii akiwa nyumbani, ni nani humjibu mwanafunzi mwenye machozi? Ni msaidizi. Yeye hufundisha kila usiku, mtu mmoja mmoja, bila jina na bila shukrani. Mafunzo yakija yakawa ya wenye digrii peke yao, chama hakitayapokea.

CHAMA NA ELIMU

Vyama vya wafanya kazi wa Afrika Mashariki havikungoja mwajiri awafundishe viongozi wao. Mwaka 1958 shirikisho la vyama huru vya dunia lilifungua chuo cha wafanya kazi Kampala, na watu walitoka nchi mbali mbali za Afrika kwenda kujifunza namna ya kuendesha chama, kusoma mkataba na kubishana na mwajiri. Wazee wetu walijua ya kwamba mtu haingii katika chumba cha mapatano kwa moyo wa ujasiri tu. Lazima afundishwe. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kama hivyo ndivyo kwa mwakilishi wa chama, hivyo ndivyo kwa mkutubi aingiaye darasani.

MADAI YETU

Kwa hiyo halmashauri ya tawi imeandika madai haya, na wajumbe wetu watayapeleka katika mkutano ujao na mwajiri:

1. Mkutubi au msaidizi asiingie darasani kabla ya kupata mafunzo ya ualimu ya siku tano kwa uchache, kwa saa za kazi na kwa mshahara kamili. Mafunzo yawe na mazoezi ya kufundisha, si hotuba tupu. Kitivo cha ualimu kiombwe kuyaongoza.

2. Kila saa ya kufundisha ihesabiwe pamoja na saa mbili za kujitayarisha, na saa hizo zitolewe katika zamu ya meza. Kazi mpya isirundikwe juu ya ya zamani.

3. Hapana somo bila kazi ya kuandika iliyotolewa na mhadhiri, na hapana somo bila mhadhiri kuwapo.

4. Darasa lisizidi wanafunzi 40, na liwe mahali penye kompyuta zinazofanya kazi. Saa ya ukumbini katika wiki ya wageni ibaki kuwa salamu tu, isiitwe mafundisho.

5. Fomu za wanafunzi apewe mkutubi mwenyewe ajirekebishe. Zisitiwe katika faili la nidhamu, wala zisitumiwe kumnyima mtu kupandishwa gredi.

6. Kufundisha kuandikwe katika mkataba na kuhesabiwe wakati wa kupandishwa. Anayetaka kuendelea na masomo ya ualimu apewe likizo na msaada wa ada.

7. Kila mwaka kuwe na siku za kujifunza zaidi, kwa kuwa vyombo vya habari hubadilika kila mwaka. Aliyefundishwa mara moja na kuachwa miaka kumi ni sawa na panga lisilonolewa.

Madai haya hayamnyang'anyi mtu kitu. Mwajiri akiyakubali, chuo chake kitakuwa na wanafunzi wanaojua kutafuta na kupima. Akiyakataa, basi aseme hadharani, mbele ya wazazi, ya kwamba ataka ripoti iliyojaa hesabu za wanafunzi waliofundishwa, wala hajali kama walijifunza. Nasi tutakuwa wa kwanza kumwuliza swali tunalowafunza vijana: Nani alihesabu?

Mkutano wa tawi utakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya zamu ya asubuhi, katika chumba cha magazeti. Njoni wote, wa digrii na wasio na digrii, wa rafu na wa meza. Kila mmoja alete somo moja alilowahi kufundisha likamshinda, tulitazame pamoja. Asione haya. Aliyeanguka njiani ndiye ajuaye shimo lilipo.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Umoja ni nguvu.

Sisi ndugu zenu,
Halmashauri ya Tawi la Maktaba